Kandirinya ya Chuma na Malungu ya Ufipa: Historia Fupi ya Maneno ya Kazi ya Moto

Mfasiri mmoja, mwenyeji wa Sumbawanga na mwalimu kwa kazi yake, alituletea sentensi iliyomtatiza. Sentensi hiyo ilitoka katika maelezo ya vyombo vya Kijapani, nayo ilihusu chombo kiitwacho tetsubin, ambacho wabunifu wa siku hizi wanakitengeneza upya kwa kufuata ufundi wa kale. Mwalimu wetu alikuwa ameandika: «buli la chuma lililofuliwa». Tulipoyapima maneno hayo tuliona kwamba mna makosa mawili ndani yake, na kwamba makosa yenyewe si ya uzembe. Tetsubin si buli, wala haifuliwi. Tulipomweleza hayo alitujibu hivi: «Wazee wangu, kwetu Ufipa mababu walifua chuma tangu zamani. Nilidhani chuma ni chuma, na moto ni moto.» Jibu hilo ndilo lililotufanya tuandike makala haya, kwa maana twaona kwamba kosa lililoingia katika tafsiri ya chombo cha Japani limekuwamo kwa muda mrefu zaidi katika yale tunayoyaandika juu ya Ufipa yenyewe.

Tuanze na chombo. Kiswahili hakina upungufu wa majina hapa. Tatizo ni kwamba tumeyaacha yachanganyike. Birika ni neno lililotufikia kwa Waarabu, ambao husema ibriki, nao walilipata kwa Waajemi. Hapo kale lilitaja chombo chenye mkono na mdomo cha kumiminia maji, hata ya kunawia. Kandirinya ni chombo cha kuchemshia maji motoni, na jina lake linatukumbusha Kireno, ambacho husema caldeirinha, yaani sufuria ndogo. Buli ni chombo ambamo majani ya chai hutiwa maji yaliyokwisha kuchemka ili yatoe rangi. Wareno nao huita chombo hicho bule. Kwa mfano wa karibu zaidi, mdila wa kahawa una jina lake peke yake, na hakuna muuza kahawa wa pwani atakayeuita buli. Lakini katika mikahawa yetu ya leo, Sumbawanga kama kwingineko, maji, majani, maziwa na sukari huchemshwa pamoja katika birika moja la alumini, na chai humiminwa kutoka humo humo. Kwa kuwa kazi mbili zimekuwa moja, majina matatu yamekuwa moja pia, na kandirinya inazidi kusahaulika. Hatumlaumu mpika chai. Ila mfasiri anapokutana na watu ambao bado wanazitenganisha kazi hizo hana budi kuyarudia majina aliyoyaacha.

Wajapani ni miongoni mwa watu hao. Chombo cha kuchemshia maji na chombo cha kutilia majani kwao ni vitu viwili. Tetsubin ni jina lililoungwa kwa maneno mawili, tetsu ambalo ni chuma na bin ambalo ni chupa au gudulia. Kinachofanana nacho lakini kikawa cha udongo huitwa dobin. Chombo cha kutilia majani, ambacho kwa kawaida ni kidogo na cha udongo, huitwa kyusu. Kwa hiyo tetsubin ni kandirinya na kyusu ni buli.

Asili ya kandirinya hii ni katika nchi ya kaskazini-mashariki ya Japani iliyotawaliwa na ukoo wa Nambu, ambayo mji wake mkuu ulikuwa Morioka. Katika karne ya 17 watawala hao walialika mafundi wa vyombo vya chai kutoka Kyoto. Mashuhuri miongoni mwao ni Koizumi Nizaemon, aliyefika mwaka 1659. Nchi ilikuwa na mchanga wa chuma, makaa na udongo, vitu ambavo fundi wa namna hiyo hawezi kufanya kazi bila ya kuwa navyo. Walichotengeneza kwanza ni chagama, chungu cha chuma kisicho na mdomo wala mkono, ambacho maji yake huchotwa kwa upawa katika sherehe ya chai. Katika karne ya 18 mrithi wa tatu wa jina hilo la Koizumi alikipunguza chungu hicho, akakitia mdomo na mkono wa kubebea, na hapo tetsubin ikapatikana. Mji wa Mizusawa, ulio kusini ya Morioka, una historia yake ya chuma iliyotangulia hiyo, na leo kazi za miji yote miwili hujulikana kwa jina moja la chuma cha Nambu.

Hapa inafaa tukae kidogo juu ya namna kazi inavyofanyika, kwa sababu tafsiri yote inategemea hapo. Fundi wa Morioka hampigi chuma nyundo. Huandaa kalibu ya mchanga na udongo, na kabla haijakauka huichomea nakshi kwa mkono kutoka ndani. Ile nakshi mashuhuri ya vidoto, ambayo huitwa arare, yaani mvua ya mawe, hufanywa kwa kuchomeka kijiti tundu baada ya tundu mpaka kalibu nzima ienee. Kisha chuma kilichoyeyuka kuwa maji humiminwa ndani. Chombo kikitoka hurudishwa motoni katika makaa mpaka kiwe chekundu, ili ngozi nyembamba ya kijivu ijifanye ndani na kuzuia kutu. Nje hupakwa utomvu wa mti ule utumikao kwa vyombo vya Kijapani vya kung'aa, na juu yake maji ya chai yaliyochanganywa na kutu ya chuma, na hiyo ndiyo rangi yake nyeusi yenye wekundu.

Kazi hiyo ya kumimina madini katika kalibu Kiswahili kinaiita kusubu. Neno hili limo katika kamusi zetu, nalo ni la sonara na la mtu wa risasi, lakini ni watumishi wachache sana wa serikali wanaolitumia, na walimu wa ufundi wengi hulipita kama hawalioni. Kusubu na kufua ni kazi mbili zisizokutana. Chuma cha kusubu kimekula makaa mengi motoni, ndiyo sababu huyeyuka kwa joto la kadiri ya nyuzi 1,150 za Selsiasi, na ndiyo sababu pia ukikipiga nyundo huvunjika kama gae. Chuma cha kufua kina makaa kidogo. Hupindika, huunganika na hunoleka, lakini kikiwa safi hakiyeyuki mpaka joto lifike nyuzi 1,538. Wajapani humwita msubu kwa jina moja na mhunzi kwa jina jingine, na hakuna anayewachanganya. Twapendekeza nasi tuseme msubu kwa yule wa kalibu, na mhunzi abaki kuwa mtu wa fuawe.

Kuhusu ubunifu wa kisasa, jambo moja lapaswa kuwavutia wasomaji wa jarida la istilahi kuliko wengine. Mwaka 1925 Yanagi Soetsu na rafiki zake wafinyanzi Hamada Shoji na Kawai Kanjiro waliona kwamba vyombo vya kila siku vya watu wa kawaida havikuwa na jina la heshima katika lugha yao. Sanaa ilikuwa na jina, bidhaa ilikuwa na jina, lakini kikombe cha mkulima hakikuwa na lolote. Wakaunda neno mingei, kwa kufupisha maneno yenye maana ya ufundi wa umma. Baada ya neno kukawa na majarida, maonyesho, na mwaka 1936 makumbusho katika mji wa Tokyo. Mwana wa Yanagi, Sori, ambaye alizaliwa mwaka 1915 na kufariki mwaka 2011, akawa mbunifu wa vyombo vya viwandani, na miongoni mwa kazi zake ni vyombo vya chuma cha Nambu na kandirinya za maji. Sisi tuliozoea kuambiwa kwamba istilahi huja nyuma ya vitu, na kwamba kazi yetu ni kuvipa majina vilivyokwisha kuja, tuna mfano hapa wa neno lililotangulia.

Hata hivyo safari haikuwa nyepesi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili chuma kilitakiwa kwa silaha, usubu wa vyombo vya chai ukazuiwa, na mafundi wachache tu wakaachiwa waendelee. Baada ya vita ikaja alumini, nyepesi na rahisi, kama ilivyotujia sisi. Serikali ya Japani ilitunga sheria ya kulinda ufundi wa jadi mwaka 1974, na chuma cha Nambu kikaorodheshwa chini yake mwaka 1975. Kisha kuelekea mwisho wa karne ya 20 wanunuzi wa Ulaya, wa Ufaransa hasa, wakataka vyombo hivyo kwa rangi, na wakavitaka kwa kutilia majani. Mafundi wakavipunguza, wakavipaka ndani ile rangi ya kioo inayochomwa, kama ya mabakuli yetu ya zamani yenye ukingo wa buluu, na kwa ajili hiyo vyombo hivyo havifai tena kuwekwa motoni. Vina umbo la tetsubin na nakshi ya tetsubin, na madukani ng'ambo huuzwa kwa jina la tetsubin, lakini ni mabuli. Basi mfasiri wetu aliyeandika buli alikuwa na haki nusu. Inategemea chombo kipi kilikuwa mbele ya aliyeandika. Akimwandikia mnunuzi kandirinya, naye akaliweka buli lile juu ya jiko la makaa, rangi ya ndani itapasuka.

Sasa turudi Ufipa, na kosa la pili.

Katika uwanda wa juu wa Ufipa, kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, mabaki ya matanuri marefu ya udongo yangali yakionekana. Wafipa huliita tanuri hilo ilungu, na wingi wake malungu. Lilikuwa na kimo cha kadiri ya meta 3, kupita kichwa cha mtu kwa mbali, na chini yake kulikuwa na matundu yenye mirija ya udongo. Ajabu ya ilungu ni kwamba halikuvukutwa. Hewa iliingia yenyewe kwa matundu ya chini na kupanda kwa nguvu ya joto, kama inavyopanda katika chimni ya kandili, na urefu wa tanuri ndio uliofanya kazi ya mivukuto. Ndani mlipangwa makaa na mtapo, na moto ukaachwa kwa siku kadhaa. Kilichotoka kilipelekwa katika tanuri la pili, dogo sana, liitwalo kintengwe, na wingi wake vintengwe. Hilo sasa lilivukutwa. Baada ya hapo ndipo mhunzi alipokipokea chuma na kukifua kuwa jembe, shoka au mkuki. Majembe yalihitajika sana, maana kilimo cha Ufipa kilikuwa cha matuta makubwa ya mviringo, ambamo majani hufukiwa yaoze, na tuta kama hilo halipandishwi kwa kijembe.

Bertram Mapunda wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliyechunguza mabaki ya Nkasi katika miaka ya 1990, alionyesha kwamba malungu hayakuwa peke yake. Alitenganisha namna tatu za kazi, yaani katukutu, malungu na Barongo. Hatutaingia katika tofauti zake. Tunataja tu kwa faida ya wale wanaoandika «tanuri la jadi» kana kwamba jadi ilikuwa moja.

Karibu vitabu vyote vya shule vitasema kwamba Wafipa «waliyeyusha chuma». Hawakukiyeyusha. Katika ilungu kilichoyeyuka ni uchafu, yaani mavi ya chuma, ambayo yalitiririka na kuganda, na ndiyo yanayookotwa hata leo. Chuma chenyewe kilibaki kigumu, bonge lenye matundu kama sifongo, lililoshikamana na makaa na taka. Tena kama kingeyeyuka kikawa maji, fundi angekuwa amekula hasara, maana kingekuwa kimekula makaa mengi na kingevunjika mbele ya nyundo. Alichokitafuta msubu wa Morioka ndicho alichokikwepa fundi wa ilungu. Mtu akiandika kwamba wote wawili waliyeyusha chuma ameufuta ustadi wa mmoja wao, na anayefutwa ni wa kwetu.

Kosa hili lilitokeaje? Twadhani lilipitia tafsiri. Maelezo ya mwanzo yaliyochapishwa juu ya kazi hii hayakuwa kwa Kifipa wala kwa Kiswahili. Padri Wyckaert aliandika kwa Kifaransa mwaka 1914, katika jarida la Anthropos, juu ya wahunzi wa Tanganyika; R. C. H. Greig aliandika kwa Kiingereza juu ya Ufipa mwaka 1937, katika Tanganyika Notes and Records, J. A. R. Wembah-Rashid akaandika tena juu ya mafundi hao mwaka 1969, naye kwa Kiingereza. Lugha ya Kiingereza ina vitenzi viwili vinavyokaribiana sana kwa sauti, kimoja cha barafu inapogeuka maji na kingine cha kutoa madini katika mtapo. Mtafsiri mwenye haraka huviona kama kimoja, naye huandika yeyusha kwa vyote viwili. Kisha mwandishi wa kitabu cha shule humnukuu mtafsiri, na mwalimu humnukuu mwandishi. Mwalimu wetu wa Sumbawanga, ambaye alizaliwa si mbali na malungu yenyewe, alijifunza habari ya mababu zake kwa neno lililokwisha kupita Ulaya na kurudi.

Wafipa wenyewe walikuwa na namna nyingine ya kuieleza kazi hiyo. Ilungu lilikuwa bibi arusi. Lilipambwa, liliimbiwa, na mkuu wa kazi alikuwa na kikapu chake cha dawa kiitwacho ntangala. Mafundi walijitenga na wake zao mpaka kazi iishe, kwa kuwa kwa siku hizo mke wao alikuwa ilungu. Chuma kilichotoka kilizaliwa. Hapo Kiswahili kina kitenzi kinachofaa kuliko yeyusha, nacho tumekichosha kwa kukitumia ofisini: kuzalisha. Leo kiwanda huzalisha na shamba huzalisha; lakini maana yake ya kwanza ni ya mkunga. Mtu akisema mafundi wa Ufipa walizalisha chuma, atakuwa amesema kweli kwa maana zote mbili. Kwa kazi ya pili, ya kintengwe, tuna kuchenjua, neno ambalo wachimba madini wetu wanalo midomoni kila siku, na maana yake ni kutenga kilicho safi na taka zake. Basi mpango ni huu: mtapo huzalishwa chuma katika ilungu, chuma huchenjuliwa katika kintengwe, kisha hufuliwa juu ya fuawe. Kuyeyusha na kusubu tuwaachie wenye kalibu.

Kuhusu majina ya matanuri yenyewe, utaratibu uliozoeleka wa kuunda istilahi hapa nchini ni kutazama kwanza Kiswahili na lahaja zake, kisha lugha nyingine za Kibantu, kabla ya kwenda mbali. Ndivyo tulivyopata ikulu kwa Wanyamwezi na Wasukuma, na kitivo kwa Wapare na Washambaa. Kintengwe na vintengwe vinaingia katika ngeli ya KI-VI bila ya kugonga mlango. Ilungu ni gumu kidogo zaidi. Kwa kanuni yetu ya JI-MA lingekuwa lungu, wingi malungu. Lakini kuna watu waitwao Walungu, majirani wa Wafipa upande wa kusini-magharibi, na msomaji wa Dar es Salaam atadhani tanuri ni lao. Sisi twapendelea kuiacha i ya mwanzo ibaki: ilungu, malungu. Wataalamu wa ngeli watanung'unika, nasi tunawakaribisha wanung'unike kwa maandishi.

Malungu yalizimika katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Jembe la ng'ambo lilikuwa rahisi, vyuma chakavu vilipatikana bila ya kukata miti, na mhunzi alijua kwamba kipande cha reli au cha gari kimekwisha kuzalishwa na mtu mwingine. Uhunzi ulibaki, kilichokufa ni kazi iliyoutangulia. Baada ya uhuru majembe yalitoka katika viwanda vya Ubungo na Mbeya, na baadaye yakaja tena kwa meli. Pale Morioka alumini iliukuta usubu una majina kwa kila hatua, yaliyokwisha kuandikwa, na warithi waliokuwa wakilipwa kwa kuyajua. Ufipa ilikuwa na majina vile vile. Yaliyoandikwa ni machache, tena ndani ya makala za Kifaransa na Kiingereza, yakiwa yameinamishwa herufi kama wageni.

Sentensi ya mwalimu wetu hatimaye tuliitengeneza hivi: «Kandirinya ya chuma cha kusubu, iliyobuniwa upya kwa kufuata ufundi wa kalibu wa Nambu.» Alipoiandika akatoa mfukoni karatasi nyingine, ambayo hakuwa ametuonyesha. Ilikuwa somo la historia kwa darasa la tano, kwa mkono wake mwenyewe, na katika mstari wa kwanza Wafipa walikuwa wanayeyusha chuma. Alikata neno lile kwa kalamu, akaandika juu yake walizalisha, kisha akatuuliza kama darasa la tano litacheka. Tulimwambia kwamba huenda likacheka, naye aliacha neno lile palepale.